Kompyuta ya Mzee Imegoma Kushika Mtandao

Jumamosi. Baridi ya kijiji chetu cha Nambis leo haina adabu. Ukungu uliamka kabla yetu, ukakalia maharage mpaka jua lilipopata nguvu ya kuufukuza, na sasa jioni hii naona unarudi taratibu kutoka bondeni kama mtu aliyesahau kitu chake. Nimejitanda shuka, chai iko karibu, na kichwa changu kimejaa maswali ambayo mwanamke wa umri wangu hakutegemea kuyauliza.

Kwa mfano, mtandao unapita wapi?

Unapita kwenye ukuta wa tofali. Unapita kwenye pazia. Unapita hata kwenye mwili wangu mimi hapa nilivyokaa, na wala sisikii mwasho. Halafu unafika kwenye boksi la chuma, unakwama. Nimeliwaza hilo siku nzima huku nikipepeta maharage, na maharage yenyewe sijui kama nimeyapepeta vizuri.

Wiki mbili sijaandika kitu hapa. Mnaonisoma mtanisamehe. Kompyuta ilikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ukamgusa mgonjwa wangu mwingine, mume wangu.

Kwa aliyefika hapa kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Mume wangu, Baba Ima, alipata kiharusi mwaka jana tukiwa tunavuna mahindi. Mguu ulirudi, anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia bado mzito. Kilichokataa kabisa ni maneno. Anasikia, anaelewa, penye kuchekesha anacheka kabla yangu. Ila akitaka kusema, neno halitoki, au linatoka lingine ambalo hata yeye linamshangaza.

Labda mtu wa mjini hawezi kuelewa ubaya wake. Huku kwetu mtoto akikutana na mtu mzima anasimama. "Shikamoo babu." Anasubiri. Mtu mzima asiposema marahaba, maana yake amekataa salamu, na aliyekataa salamu ana kinyongo na mtu. Baba Ima alikuwa akikaa barazani asubuhi, wanafunzi wanapita, wanamsalimia, naye anahangaika, midomo inacheza, mshipa wa shingo unamtoka. Watoto wanasubiri kidogo, wanatazamana, wanaondoka. Siku moja akaingia ndani, akavuta kiti chake mpaka kona ya sebule, akakaa huko.

Hakutoka tena. Mtu ambaye zamani ukienda naye mnadani mnafika jioni kwa sababu ya salamu.

Mungu akatupatia Dada Subira. Ni mtaalamu wa kufundisha wagonjwa kusema upya, yuko hospitali kubwa mbali sana na hapa. Tulikubaliana kila Jumamosi asubuhi anamwona mzee kwenye skrini. Anafungua mdomo wake wazi wazi, mzee anautazama, anaufuata. Ma. Ma. Ma-ra. Ni kama darasa la chekechea, lakini mzee analipenda. Siku ya Jumamosi ananyoa ndevu bila kukumbushwa.

Mtasema, si mtumie simu. Tulijaribu. Tangu augue, macho yake hayashiki vizuri vitu vya upande wa kulia, na mdomo wa mtu kwenye simu ni mdogo kama punje ya maharage. Aliisukuma ile simu kwa kiganja na kugeuzia uso ukutani. Anahitaji mdomo mkubwa. Anahitaji kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni kazi ya Ima, kifungua mimba wetu. Ni fundi umeme, anafanya kazi mbali. Hakuinunua dukani ikiwa nzima. Aliiunga mwenyewe, kipande hiki kutoka huku, kingine kutoka kule, akaja navyo likizo kwenye begi, amevifunga ndani ya masweta visigongane. Nilikaa karibu naye siku aliyoifunga hapa mezani. Nilimchosha kwa maswali. Hiki cha nini? Na hiki kinachofanana na ngazi? Akasema, "Mama, ungesoma wewe ungekuwa injinia au ungekuwa jela." Mimi nilimaliza darasa la saba nikaenda kujifunza cherehani, basi. Lakini kitu kilicho wazi tumbo siwezi kukipita bila kuchungulia.

Mtandao tunautoa kwenye simu yangu. Nawasha hotspoti, kompyuta inaudaka hewani, bila waya. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja ikakataa.

Iliwaka vizuri tu. Picha ya shamba ikatokea, sauti yake ya kuamka ikalia. Ila pale kwenye orodha ya mitandao palikuwa peupe. Si kwamba ilikataa neno la siri. Haikuona hata mtandao wa kuukataa. Simu iko mezani karibu kabisa na kibodi, inapiga kelele kwa lugha yake kwamba niko hapa, niko hapa, na kompyuta kimya.

Nilimpigia Ima.

"Mama, fungua pale panapoonyesha viungo vyote vya kompyuta. Tafuta palipoandikwa adapta ya mtandao."

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, tena ya enzi zetu. Nikawa namsomea herufi moja moja.

"Hapo hapo! Sasa pembeni yake kuna alama ya njano?"

"Njano hakuna. Kuna kijani."

"Kijani? Kijani gani tena?"

"Ah, samahani baba, ni kitambaa. Kimeninginia kwenye skrini."

"Kitoe basi, mama."

"Nikitoe? Kimefumwa na jumuiya nzima!"

"Basi kisogeze. Kisogeze tu."

Nieleze na hicho kitambaa. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja Alhamisi, siku mbili kabla mtandao haujakataa, kumwombea mzee. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mashine inayomfundisha kusema, na kwa siri, kwa upendo wao, wakaifumia nguo. Si kitambaa cha kutupia juu, hapana. Ni nguo kamili, ya uzi wa kijani na maua meupe, inavaa skrini na inavaa boksi, kama ile tunayovalisha redio na makochi. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Niliporudi sebuleni nikakuta kompyuta imevalishwa, wanapiga vigelegele. Nililia. Nani amewahi kuishonea kompyuta yako nguo?

Turudi kwenye adapta. Ima alinieleza kwamba ni kijikadi kidogo kilichopachikwa ndani ya boksi, na ndilo sikio la kompyuta kwa mambo ya mtandao. Lingekuwa limekufa, au ile programu yake ya kuliendesha, wanaiita draiva, ingekuwa imeharibika, tungeona alama ya njano.

"Kwa hiyo linajiona zima?" nikamuuliza.

"Linajiona zima kabisa."

Hapo ndipo liliponishika. Kitu kizima, kinasema chenyewe ni kizima, ila hakisikii mtu aliye karibu yake. Inawezekanaje?

Tulilizima na kuliwasha. Tukaifuta ile draiva, tukaizima kompyuta na kuiwasha, draiva ikarudi yenyewe kama paka. Tukarudisha mipangilio yote ya mtandao kama siku ilipozaliwa. Ima akasema tuunganishe simu na kompyuta kwa waya. Nikaunganisha. Simu ikaanza kula chaji kwa furaha na hakuna kingine kilichotokea. Kumbe waya wangu ni wa kulisha umeme tu, hauna njia ya kupitisha mambo mengine, na dukani hapa senta wana za aina hiyo hiyo. Nikamwagiza mdogo wangu anayekaa Maretadu naye akatafute. Akaleta mwingine, mzuri, mweupe. Nao ni wa kulisha tu.

Jumamosi ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili nayo ikapita.

Dada Subira alinipigia kwa simu ya kawaida. Ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akasema, "Mama, nina wagonjwa wanaosubiri nafasi. Mkikosa na Jumamosi ijayo itanibidi nimpe mwingine. Na baba akikaa kimya muda mrefu, yale aliyoyapata yatapotea." Nikasema nimeelewa. Nilikwenda kusimama zizini kwa ng'ombe ili mzee asinione uso.

Maana kwake yeye yalishaanza kupotea. Alikuwa amefika kwenye "ma-ra". Wiki hii ilibaki "ma", na Jumatano hata hiyo hakuitoa. Hakunyoa ndevu. Alianza tabia nyingine ya kunitisha. Nikipita karibu na kompyuta ananiita kwa kugonga fimbo sakafuni, halafu anapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kichwa na kuinua vidole viwili. Macho ameyatoa. Anagonga tena, anainua tena.

Nikajua ni kichwa. Nikaogopa kiharusi kimerudi. Nikampeleka zahanati, pikipiki tukakodi, ukungu huo. Muuguzi wetu pale ni binti kutoka Mtwara, bado hajazoea baridi yetu, anapima presha amevaa glovu za sufu. Akapima. "Presha ya baba ni nzuri kuliko yangu." Nikampa mzee Panadol, akaitema. Nikampa tena, akaificha shavuni kama mtoto, akaitema baadaye kwenye ua langu.

Nikafikiri tena. Vidole viwili juu ya kichwa, labda ni pembe. Ni ng'ombe! Nikatoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe mzima, anatafuna. Niliporudi kumwambia kwamba ng'ombe hajambo, mume wangu alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu tuoane.

Nikaamua kuomba. Niliomba kwa ajili yake na kwa ajili ya kompyuta pia, sioni aibu.

Ijumaa Ima alinipigia na wazo jipya. Panya. Nifungue ubao wa pembeni wa boksi nione kama wamekata nyaya. Nikafungua. Panya hakuna, ila vumbi na moshi wetu wa jikoni vimeshafika. Nikakiona kile kijikadi, kimekaa kwa heshima zake. Na nikaona kitu ambacho sikumwambia Ima kwa sababu sikujua kama kina maana. Kwenye kile kijikadi zinatoka nyuzi mbili nyembamba, nyeusi, zinatambaa mpaka ukuta wa nyuma wa boksi na kupotelea hapo.

Nilifunga ubao. Lakini zile nyuzi zikalala na mimi. Zinakwenda wapi? Kitu hakiwezi kutambaa kwenda ukutani bila sababu.

Leo asubuhi nikaamka nikasali, nikampa mzee uji, na kabla hata sijafagia nikaenda kuzifuata. Niliwasha hotspoti na kompyuta, orodha ikiwa peupe vile vile, nikageuza boksi uso ukutani. Nikaikunja nguo ya jumuiya kwa nyuma, nikawasha tochi ya simu, nikainama.

Pale zinapoishia nyuzi kwa ndani, kwa nje pametokeza vitu viwili vya rangi ya dhahabu, vidogo, vina mistari ya parafujo.

Nikasogeza simu nione vizuri. Na kwenye skrini, kwa pembeni ya jicho, nikaona jina la simu yangu limetokea.

Nikaruka. Nikaondoa simu, jina likapotea. Nikairudisha karibu na vile vidude, jina likarudi, dhaifu, mstari mmoja. Nikaiondoa. Nikairudisha. Nilifanya hivyo kama mtoto anayecheza na swichi ya taa, mpaka mzee akaanza kugonga fimbo.

Nikampigia Ima.

"Ima, nyuma kuna vitu viwili vya dhahabu, vimetokeza kama chuchu za mbuzi. Ni vya kufungia nini?"

Nikasikia akiweka vifaa vyake chini.

"Mama. Antena ziko wapi?"

"Antena zipi?"

"Mbili nyeusi! Nilizisimamisha hapo nyuma kama masikio ya punda! Umezifungua?"

"Mimi? Mimi nitaanzaje kushika kitu chako?"

"Sasa nani?"

Fimbo ikagonga nyuma yangu, kwa nguvu. Nikageuka. Mume wangu amekaa kwenye kona yake, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, vidole viwili juu.

Nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa sakafuni.

Wiki nzima. Alikuwa ananiambia wiki nzima, na mimi nampa Panadol.

"Baba Ima, wewe ulimwona aliyezitoa?"

Akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akaonyesha ile nguo ya kijani. Halafu akajiinua kwa fimbo, akaenda mpaka kwenye kabati la vyombo, akaonyesha bakuli la sukari la seti ya harusi yetu, ile ambayo haijawahi kunywewa chai. Nikafunua. Antena mbili zimelala humo, zimezungushiwa tishu vizuri, kama pete.

Ikabidi nimpigie Mama Fabiano, mwenyekiti wa jumuiya, ndiye aliyeshika uongozi wa kuivalisha.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Fabiano."

"Milele na milele, amina. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mama Fabiano, vile vijiti vya nyuma ya kompyuta..."

"Si nimeviweka kwenye bakuli lako la sukari! Nilisahau kukwambia. Nguo ilikuwa haikai, inavimba nyuma kama ina kibiongo. Nikaona vinafunguka kwa mkono, nikajua ni vya kubebea."

"Vya kubebea?"

"Vishikio! Vya wakati wa safari. Sasa kompyuta imeshafika, ya nini tena?" Akashusha sauti. "Kwani vina kazi?"

Nikamweleza. Aliita jina la Bikira Maria, akaliita tena. Akasema, "Na mzee alikuwa ananitikisia kichwa mwenzio! Nafungua, anatikisa. Nafungua, anatikisa."

"Na wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani anakataa chai."

Jamani. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mzee naye akacheka, maana nilikuwa nimeweka spika na amesikia yote. Kicheko chake kiharusi hakikukigusa, ni kile kile.

Antena zinafungwa kwa vidole tu, kama kifuniko cha chupa. Nilifunga moja, mistari ikapanda. Nikafunga ya pili, ikajaa. Nikaifungua tena moja kuona itashuka kiasi gani. Ikashuka. Nikaigeuza kulala, nikaigeuza kusimama, nikisoma mistari. Nimempigia Ima tena, ananieleza kwamba boksi ni la chuma, chuma kinaziba mawimbi, kwa hiyo lile sikio la ndani haliwezi kusikia peke yake, ni lazima hizi pembe zitoke nje zikalidakie. Nikamuuliza mbona simu haina pembe. Akasema inazo, zimefichwa ndani. Nikaanza kuigeuza simu nizitafute. Nilikuwa nimesahau kabisa saa.

Fimbo ikagonga. Mzee ameonyesha saa ya ukutani, halafu ameonyesha kidevu chake. Ndevu! Nikakimbia kuleta maji ya moto.

Dada Subira alipotokea kwenye skrini, mdomo mkubwa, meno meupe, mume wangu aliegemea mbele mpaka nikaogopa ataanguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," nikasema mimi, "hatujambo, yaani tumehangaika na hii mashine..."

"Mama," akasema, anatabasamu, "wewe sijakusalimia bado. Zamu yako inakuja."

Nikafunga mdomo. Tukasubiri. Mzee akahangaika, midomo ikacheza, mshipa ukatoka. Hakuna kitu. Hata "ma" haikuja. Nikasema moyoni, imepotea, alisema itapotea. Dada Subira hakuonyesha chochote usoni. Akamwambia si neno, baba, tuanze na siku za wiki, nifuate. Ju-ma-mo-si. Mzee akafuata, nusu nusu. Ju-ma-pi-li. Akafuata. Wakafika Jumatatu, wanapumzika, Dada Subira ananyanyua kikombe anywe maji.

"Marahaba!"

Kwa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Dada Subira akajimwagia maji.

Tulicheka wote watatu, na mimi katikati ya kicheko nikawa nafuta macho kwa khanga. Lilikuwa zima. Halikukatika popote. Lilichelewa tu, lilikuja wakati watu wameshahamia kwenye mambo mengine.

Alipomaliza somo, Dada Subira akaniambia neno moja, kwa upole wake. "Umeona, mama? Lilikuwa njiani. Huwa unampa muda gani kabla hujamjibia?"

Nikamshukuru, nikazima kompyuta.

Mchana wote nimetafuta jibu la swali hilo. Wageni wakija wakamuuliza habari, najibu mimi. Zahanati wakamuuliza panauma wapi, nikasema kichwa, na hakikuwa kichwa. Hata padre alipomuuliza kama anapenda kuletewa komunyo nyumbani, niliitikia mimi. Nilifanya kwa huruma. Sikutaka watu wamtazame akihangaika. Lakini kumbe ndivyo tulivyofanya wote, mimi na jumuiya. Yeye peke yake alijua tatizo liko wapi, na hakuna aliyekaa chini amngoje amalize.

Nimetaka kuandika hapa kwamba mume wangu ni kama ile kompyuta, kila kitu kiko ndani, kimekosekana cha kutolea nje. Nimeandika, nimefuta. Yeye si mashine. Yake haifungwi kwa vidole ikajaa mistari papo hapo. Na hakuna aliyeiweka kwenye bakuli la sukari.

Mama Fabiano amekuja jioni kuichukua nguo, anaifumua nyuma aweke matundu mawili kama ya vifungo. Amemwomba mzee msamaha. Alipiga magoti kabisa, yule mama hana mambo madogo. Mzee akamwekea mkono begani.

Sasa nimalizie na hili, halafu nizime.

Tulipokaa kula jioni hii, ugali umeshapakuliwa, mboga inatoa moshi, niliinamisha kichwa nianze sala ya chakula. Tangu augue nimekuwa nikiisali mimi. Nikasema "Kwa jina la Baba", na mkono wa kushoto ukaja juu ya wangu, ukanibana.

Nikanyamaza.

"Baba," akasema.

Halafu kimya kirefu. Nilikuwa na maneno yote ya ile sala mdomoni, yanasukumana kutoka. Nikauma midomo. Nikatazama moshi wa mboga ukipungua, ukaisha. Nikasikia ng'ombe. Nikasikia mtu akipita barabarani akiimba, akaja, akapita, akapotea. Akasema neno la Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ambalo si la sala, la kuhusu kuni, akatingisha kichwa kulikataa, akaanza upya. "Baba... tu... asante." Alitaka kuongeza kingine, nikaona kinavyomhangaisha, sikukisaidia. Hakikuja. Akanitazama. "Amina," akasema, na hiyo ilitoka kama maji.

"Amina," nikasema mimi.

Ugali ulikuwa umeganda juu kama sabuni ya mche. Tumeukata kwa kisu, tumekula wote, hakuna aliyelalamika. Bwana, nimejiwekea nadhiri mbele zako na mbele ya wanaosoma hapa: sala ya chakula katika nyumba hii ni ya Baba Ima, na mimi nitajifunza kupenda ugali wa baridi.